Chui Milia Mlangoni mwa Bibi

Ni vichache mno vitabu vya watoto vinavyothubutu kumlaza bibi kitandani na kumwacha afe. Waandishi walio wengi humponya katika sura ya mwisho, au humwondoa kimyakimya katika hadithi, ili mtoto anayesoma apate usingizi mwema. Mimi nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na vitabu vya aina hiyo nimevisoma mpaka nikavizoea. Kwa hiyo nilipokipata kitabu cha Tae Keller kiitwacho When You Trap a Tiger, yaani Unapomtega Chui Milia, nilikianza bila matumaini makubwa. Nilikimaliza kwa siku mbili. Katika insha hii nataka kueleza ni wapi kitabu hicho kimefaulu na ni wapi kimepungukiwa. Nitakilinganisha pia na filamu moja, Minari, inayoshughulikia jambo lile lile: mtoto wa familia ya Kikorea anayemwona bibi yake akiugua, naye hajui afanye nini.

Kitabu kilichapishwa Marekani mwaka 2020. Mwaka uliofuata kilipewa Medali ya Newbery, tuzo ambayo Wamarekani wamekuwa wakiitoa tangu mwaka 1922 kwa vitabu bora vya watoto. Mwandishi alikulia Hawaii, na kwa upande wa mama yake ana damu ya Kikorea. Mhusika mkuu ni Lily, msichana mpole aliyezoea kunyamaza hata akaamini kwamba akitaka anaweza kutoonekana. Baba yake amekwisha kufariki. Yeye, dada yake Sam na mama yao wanahama California kwenda kuishi na bibi yao katika mji mdogo wa Sunbeam, jimbo la Washington. Wakiwa njiani, mvua ikinyesha, Lily anamwona chui milia mkubwa barabarani. Wenzake hawamwoni.

Bibi huyo wajukuu humwita Halmoni, na neno hilo la Kikorea maana yake ni bibi tu. Anamweleza Lily kwamba zamani, alipokuwa msichana mdogo huko Korea, aliziiba hadithi za chui milia akazifungia ndani ya chupa. Sasa wenyewe wanadai mali yao. Baadaye ndipo Lily anapofahamu kwamba Halmoni ana saratani ya ubongo. Na chui milia naye anakuja na pendekezo lake: zifungue chupa, nirudishie hadithi zangu, nami nitamponya bibi yako.

Ili tuone mwandishi anafanya nini hapa, lazima tuijue ngano ya kale ambayo ameijengea kitabu chake. Mama mmoja alikuwa akirudi nyumbani na kapu la mikate midogo ya mchele, ambayo Wakorea huiita tteok. Kilimani akakutana na chui milia, akaambiwa atoe mkate mmoja asije akaliwa. Akautoa. Kilima cha pili chui yule akatokea tena, akadai mwingine. Ikawa hivyo hivyo, mkate baada ya mkate, mpaka kapu likawa tupu. Na kapu lilipokuwa tupu akamla yeye mwenyewe. Kisha akavaa nguo za marehemu, akaenda kubisha hodi kwa watoto wawili waliokuwa wakimngoja mama yao. Msomaji aliyelelewa kwa ngano za zimwi linaloiga sauti ya mama mlangoni hatapata shida kumtambua mgeni huyu. Watoto wakamgundua, wakakimbilia juu ya mti, wakaiomba mbingu iwateremshie kamba. Ikashuka kamba imara, wakapanda. Chui milia naye akaomba yake, akapewa kamba mbovu, ikamkatikia, akaanguka katika shamba la mtama. Na Wakorea husema ndiyo sababu mabua ya mtama yana wekundu. Watoto wale wakawa jua na mwezi. Aghalabu ngano huwataja kuwa kaka na dada. Keller amewafanya wasichana wawili, kama Lily na Sam.

Sasa mtazame chui milia huyu kwa makini. Ni mdai asiyelipika. Kila anapopewa, deni linaanza upya. Ugonjwa mrefu ndivyo ulivyo. Leo unachukua hamu ya chakula, wiki ijayo unachukua nguvu za miguu, na siku moja unachukua majina ya wajukuu. Nyumba yenye mgonjwa hutoa mkate mmoja mmoja, kila mara ikijiambia kwamba huu ndio wa mwisho. Lily anapokwenda usiku kwa siri kufungua chupa za bibi yake, anaamini kwamba anafanya biashara ya haki. Kumbe anafanya kile kile alichokifanya yule mama wa kilimani. Kila chupa ni mkate wa mchele, na kapu linaendelea kupungua. Mwandishi halisemi jambo hili waziwazi, na huenda hakulikusudia, lakini limo ndani ya kitabu, na ndilo linalokipa uzito.

Kuna jambo jingine ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Katika ngano ile ya kale, hakuna anayerudishiwa mama. Watoto wanaokoka, chui anaadhibiwa, mbingu zinapata jua na mwezi, lakini mama ameliwa, basi. Ngano za kale zilikuwa na ushupavu huo. Keller amekuwa mwaminifu kwa ushupavu huo, na kwa hili anastahili sifa. Chupa zinafunguliwa, hadithi zinasikika, na Halmoni hapati nafuu. Anafia hospitalini, na kabla ya hapo Lily, yule msichana asiyeonekana, anaketi kando ya kitanda na kumsimulia hadithi kwa kinywa chake mwenyewe. Hadithi haikumponya mgonjwa. Imempa mjukuu sauti, na imempa mgonjwa mtu wa kumsindikiza. Mwandishi dhaifu angemaliza kwa muujiza, na watoto wenye wagonjwa halisi nyumbani wangekifunga kitabu wakijiuliza kwa nini chui wao hakutimiza ahadi.

Nije sasa kwenye suala linalonigusa zaidi, nalo ni la kuficha. Watoto hawa wamehamishwa nyumba, shule na marafiki bila kuelezwa sababu ya kweli. Watu wazima wanaujua ugonjwa kabla yao. Wanapokuja kuambiwa, hasira inachanganyika na huzuni, na haijulikani ipi inaanzia wapi.

Tusiharakishe kuwalaumu. Katika familia za Kikorea lipo jambo linaloitwa hyo, yaani heshima na wajibu wa mtoto kwa wazazi wake, mafundisho yaliyoota mizizi kutokana na falsafa ya Confucius. Kwa mujibu wa wajibu huo, mtu mzima anayeugua hulindwa dhidi ya habari mbaya. Imekuwa ni kawaida hata mgonjwa mwenyewe kutoambiwa jina la ugonjwa wake, ili moyo wake usivunjike kabla ya mwili. Kama mwenye mwili anafichwa, mjukuu ataambiwa na nani? Tena tukumbuke historia yao. Korea ilitawaliwa na Wajapani tangu mwaka 1910 hadi 1945, kisha ikapigana vita vya mwaka 1950 hadi 1953 vilivyoacha nchi imegawanyika na ndugu wametenganishwa na mpaka. Wazee waliokulia katika kivuli cha mambo hayo walijifunza kuzika maumivu ili waendelee kuishi. Zile chupa za Halmoni basi si mchezo wa kitoto. Aliziona hadithi zile kuwa ni za huzuni mno, akazifungia asiwarithishe watoto uchungu wake. Alifanya hivyo kwa upendo. Kitabu kinasema kwamba upendo wa namna hiyo una gharama yake, na atakayelipa ni mjukuu.

Jambo hili halikuwa geni kwangu. Kabla ya kuhamia chuo cha ualimu nilikuwa mkuu wa shule ya bweni, na zaidi ya mara moja nilipokea barua au mjumbe kutoka kwa wazazi wakiomba jambo moja: bibi amezidiwa, au bibi tumekwisha mzika, lakini mtoto asiambiwe mpaka amalize mtihani. Ombi hilo lina uzito. Ukoo mzima umeuza ng'ombe kwa ajili ya mtihani ule, na mara nyingi bibi mwenyewe ndiye aliyeagiza kwamba mjukuu wake asisumbuliwe. Nilikuwa nikiwajibu kwamba waje wao wenyewe, tukae pamoja na mtoto. Wengine walikuja, wengine hawakuweza. Lakini niliwatazama watoto wale. Mmoja wa kidato cha nne alikuwa na desturi ya kupita ofisini kila Ijumaa kuuliza kama kuna barua yake. Wiki moja hakuja. Wiki iliyofuata hakuja pia. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno lolote. Mtoto anayeacha kuuliza amekwisha kujua, na mzigo ambao watu wazima wanadhani wanambebea anaubeba yeye peke yake.

Hapo ndipo nilipoona akili ya Keller. Lily anamwona chui milia barabarani kabla hajaambiwa habari ya saratani. Wahakiki wengine watasema mnyama huyo ni ishara ya kifo, na wengine watasema ni ishara ya historia ya Korea. Sizikatai tafsiri hizo. Kwa Wakorea chui milia ni mnyama wa mambo mengi. Yumo katika hadithi ya asili ya taifa lao, ambamo yeye na dubu waliambiwa wakae pangoni wakila vitunguu saumu na majani machungu ili wawe binadamu. Dubu alistahimili, akawa mwanamke na mama wa mwanzilishi wa taifa. Chui milia alishindwa, akatoka. Yumo pia katika michezo ya Olimpiki iliyofanyika Seoul mwaka 1988, kwani ndiye aliyechaguliwa kuwa mnyama wa nembo. Lakini katika kitabu hiki, kwa maoni yangu, kwanza kabisa ni ile elimu aliyo nayo mtoto kabla hajapewa. Watu wazima wamelitia jambo kabatini na kulifunga kwa ufunguo, nalo limetoka kwa dirishani, limelala barabarani, lina meno.

Sasa tuitazame filamu. Minari iliongozwa na Lee Isaac Chung, mtoto wa wahamiaji wa Kikorea aliyekulia mashambani katika jimbo la Arkansas, na aliitoa filamu hiyo katika kumbukumbu za utoto wake. Ilionyeshwa mara ya kwanza mwezi Januari mwaka 2020 katika tamasha la Sundance. Habari zake ni za miaka ya 1980, wakati Wakorea zaidi ya 30,000 kwa mwaka walikuwa wakihamia Marekani kupitia mlango uliofunguliwa na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965. Jacob na Monica wana watoto wawili, Anne na David. David ana kasoro ya moyo na amekatazwa kukimbia. Bibi yao, Soonja, analetwa kutoka Korea aje kuwaangalia. Aliyemwigiza ni Youn Yuh-jung, ambaye kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Oscar mwezi Aprili mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 73. Alikuwa mwigizaji wa kwanza wa Korea kuipata.

David hampendi bibi huyu. Anatukana, anacheza karata, hapiki biskuti kama mabibi wa Kimarekani, na tena, asema mtoto, ananuka Korea. Siku moja anampa kikombe chenye mkojo akijifanya ni kinywaji. Baba anataka kumchapa; bibi ndiye anayemtetea. Kisha unakuja usiku mmoja ambao mtoto anaogopa kufa. Bibi anamkumbatia na kumwambia kwamba hatamwacha afe. Kunapokucha, bibi amepatwa na kiharusi. Muda si mrefu baadaye daktari anatoa habari kwamba tundu la moyo wa David linajiziba.

Filamu haisemi kwamba mambo haya mawili yanahusiana. Hakuna chui milia wa kueleza masharti. Lakini ni mtoto gani asiyeweza kuijumlisha hesabu hiyo? Bibi aliahidi, bibi akaanguka, mimi nikapona. Hapa filamu na kitabu vinakutana. Lily anadhani anaweza kumnunua bibi yake asife, na David ana kila sababu ya kudhani kwamba bibi yake amemnunua yeye. Walimu wote wanalijua jambo hili: mtoto mdogo hujiona yeye ndiye chanzo cha yanayotokea nyumbani. Mama akilia, ni mimi. Bibi akiugua, ni kwa sababu nilimjibu vibaya. Kazi zote mbili zimeushika ukweli huo wa kitoto bila kuucheka.

Zinatofautiana katika namna ya kumtua mtoto mzigo huo. Soonja, aliyebaki na nusu ya mwili na ulimi mzito, anachoma takataka na kwa bahati mbaya anaunguza ghala lenye mavuno yote ya familia. Kwa aibu anaanza kutembea gizani, akiiacha nyumba nyuma yake. Hapo David, mtoto aliyekatazwa kukimbia maisha yake yote, anakimbia. Anampita, anasimama mbele yake, anamzuia njia, na watoto wanamshika mkono na kumrudisha nyumbani. Hakuna hotuba. Halafu tunaona mboga ya minari, aliyoipanda bibi kando ya kijito, imestawi bila kutunzwa na mtu, na baba na mwana wanaivuna.

Kwa upande wa fani, basi, naona filamu imemshinda mwandishi. Kosa kubwa la Keller ni kueleza kupita kiasi. Katika sura za mwisho chui milia anageuka kuwa mwalimu wa zamu, na kila tukio linafuatwa na funzo lake: hadithi ni muhimu, huzuni isifichwe, kila mtu ana pande mbili. Mimi nimekaa darasani maisha yangu yote na napenda mafunzo, lakini najua kwamba funzo lililotamkwa mara tatu husikika mara moja tu. Mtoto aliyefika ukurasa ule amekwisha kuelewa. Alipaswa kuaminiwa.

Kosa la pili ni kwamba kazi ya kuuguza imepewa nafasi ndogo. Aliyewahi kuishi na mgonjwa anajua kwamba siku zake hujaa mashuka ya kufua, uji wa kupoza, vidonge vya kuhesabu. Katika kazi hizo ndimo mtoto anamopata la kufanya kwa mikono yake, na mkono wenye kazi huogopa kidogo. Filamu inalijua hili: asubuhi ile ya kiharusi godoro limelowa, na safari hii aliyelilowesha si mtoto. Picha hiyo moja inasema mengi kuliko kurasa kumi za chui. Mama yake Lily pia amechorwa kwa wino hafifu. Huyu ni mjane, ni mtoto wa mgonjwa, na ni mlezi wa watoto wawili. Ningependa kusikia naye chui wake alikuwaje.

Hata hivyo filamu nayo ina deni lake, na hapa kitabu kinalipiza. Anne, dada yake David, anamwangalia mdogo wake, anatafsiri hasira za wazazi, anamkimbilia bibi pamoja na mdogo wake, na bado kamera inampita kama fanicha. Mtoto wa kike mkubwa katika nyumba yenye mgonjwa ndiye anayebeba zaidi na kuulizwa kidogo. Keller amemchukua mtoto huyo huyo, mtulivu, mtiifu, asiyeonekana, akamweka katikati ya hadithi na kumpa haki ya kukasirika. Kwa ajili hiyo namsamehe mafunzo yake mengi.

Mzazi au mwalimu akiniuliza ni ipi kati ya kazi hizi inamfaa mtoto mwenye mgonjwa nyumbani, nitamjibu hivi. Filamu itazameni pamoja, watu wazima na watoto, kwa maana ukimya wake unahitaji mtu wa pembeni wa kuulizwa. Kitabu mpeni mtoto mkubwa kidogo, hasa yule mkimya. Kiingereza chake ni chepesi, na mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye bidii atakimudu. Akifika kwenye sura ya hospitali msimpokonye kwa kumhurumia. Ameshayaona makubwa kuliko hayo kupitia nafasi ya mlango wa chumba cha bibi yake.

Lakini msimwachie Keller kazi isiyo yake. Mwandishi anaweza kumwonyesha mtoto kwamba yuko mwingine aliyemwona chui milia. Hawezi kumwambia jina la ugonjwa wa bibi yake, wala kwamba si yeye aliyeusababisha, wala kwamba hakuna chupa ya kufungua. Maneno hayo matatu ni ya mama, baba, shangazi au mjomba, na yanatakiwa kusemwa kwa lugha anayoielewa mtoto, wakati bibi bado anaweza kuitwa akaitika.